Maji ya korongo chini ya machimbo ya zamani: yakitakata, yamekuwa salama?

*"Mtaalamu, habari za kazi. Naishi kijijini mkoani Dodoma, jirani na machimbo ya dhahabu ambayo wachimbaji waliyahama miaka kadhaa iliyopita. Waliacha maduara (mashimo ya kuchimbia) wazi na malundo ya marudio, ule mchanga wa mawe yaliyosagwa unaobaki dhahabu ikishatolewa, kando ya korongo. Mvua zikianza, maji hushuka yakiwa na rangi ya chungwa. Baadaye yanakuwa meupe kabisa, unaona mpaka mchanga wa chini. Kiangazi tunachimba visima mchangani, humohumo korongoni. Msimu uliopita mbuzi wetu watatu walikufa baada ya mvua ya kwanza. Wapo wanaosema tuchemshe maji, wengine tuweke mbegu za mlonge, na jirani yangu huwapa watoto maziwa kila jioni ili yatoe sumu. Nina mtoto wa miaka miwili na mimba ya miezi mitano. Nalima mchicha na nyanya palepale. Sasa amekuja mtu anataka kununua marudio ayachenjue kwa sianidi, yaani atoe dhahabu iliyobaki kwa kemikali hiyo ya sumu, na anaahidi kujenga choo cha shule. Je, maji yakishakuwa meupe ni salama? Na huyu mtu tumkubalie?"*

Dada yangu, nianze na jibu lenyewe kabla ya maelezo: maji kuwa meupe hakukuambii kwamba ni salama. Mpaka yapimwe, wewe na mtoto wako msiyanywe wala msiyapikie. Kufua hakuna shida kubwa, na mtu mzima kuoga vilevile, kwa sababu madini haya hupenya ngozi kwa kiasi kidogo sana. Mtoto wa miaka miwili ni habari nyingine, maana akioga humeza maji, na akicheza hula mchanga. Mwogeshe kwa maji ya chanzo kingine kila inapowezekana.

Sasa nikueleze kwa nini rangi ya maji inadanganya, maana ukielewa hili mengine yote yatakuwa rahisi.

Mwamba wenye dhahabu mara nyingi hubeba pia madini ya salfa, hasa pairaiti, yale mawe ya njano yanayong'aa ambayo mchimbaji mgeni huyadhania dhahabu. Chini ardhini yametulia kwa sababu hewa haiyafikii. Mtu akiyatoa, akayasaga kwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe, mpaka yawe unga, kisha akauacha unga huo juani na mvuani, ameyafungulia mlango. Hewa na maji vikiishika salfa ile, hutengenezwa tindikali ya salfa, ileile iliyomo kwenye betri ya gari, pamoja na chuma kilichoyeyuka. Wapo bakteria wanaoishi kwa kazi hiyo, nao huiharakisha mara nyingi zaidi. Tindikali hiyo ikipita kwenye lundo huyeyusha vilivyomo: shaba, zinki, manganizi, kadimi, risasi, arseniki. Na kazi hiyo haikomi wachimbaji wanapoondoka. Mto Rio Tinto wa kusini mwa Hispania, ambako watu wamechimba madini kwa maelfu ya miaka, hadi leo ni mwekundu na maji yake ni tindikali.

Ile rangi ya chungwa ni chuma. Maji yenye tindikali yanapokutana na maji safi, tindikali hupungua nguvu, chuma kinashindwa kubaki kimeyeyuka, kinaganda na kushuka kama tope la chungwa juu ya mawe. Kwa hiyo unachokiona ni kile ambacho tayari kimetoka kwenye maji. Hatua chache juu ya pale, karibu zaidi na lundo, maji yanaweza kuwa maangavu kama ya chupa, na humo ndimo tindikali ilimo kali zaidi na madini yote bado yameyeyuka. Hakuna mwani, hakuna viluwiluwi vya vyura, hakuna hata mbu anayetaga. Ukiona dimbwi la namna hiyo chini ya machimbo, halina kitu hai na linang'aa, usiligeuze kuwa kisima.

Mbuzi wako wanafuata hapo. Kanda yetu haina mvua ya mwaka mzima. Dodoma hupata wastani wa milimita 550 hadi 600 tu kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Miezi yote ya kiangazi unyevu uliomo ndani ya lundo hupanda juu na kukauka, ukiacha chumvi. Nenda leo ukaliangalie lundo kwa karibu bila kugusa: chini yake, hasa upande uliokingwa na upepo, huenda utaona ukoko mweupe au wa njano, wakati mwingine wa kijani. Ukoko huo ni tindikali na madini yaliyokaushwa, yanasubiri maji. Mvua ya kwanza ikinyesha, ukoko wa miezi saba huyeyuka kwa saa moja au mbili na kuingia korongoni wote kwa pamoja. Mbuzi waliokaa na kiu hukimbilia dimbwi la kwanza. Siwezi kukuambia kwa uhakika kwamba ndicho kilichowaua wale watatu, kwa sababu mvua za kwanza huja pia na magonjwa na majani machanga yenye sumu. Ila mwaka huu mzuieni mnyama yeyote asinywe maji ya korongo kwa siku za mvua za mwanzo, na akifa ghafla, mwite afisa mifugo kabla ya kumchuna. Nyama yake msiile. Ini na figo ndizo zinazokusanya madini zaidi.

Niseme na upande wa pili kwa haki. Si kila machimbo hutoa tindikali. Dhahabu nyingi ya maeneo yetu imo kwenye mishipa ya mwamba mweupe wa kwatzi, ambayo sehemu nyingine ina salfa kidogo tu. Na penye ile ardhi ya chokaa nyeupe inayopatikana sehemu nyingi za Dodoma, chokaa hupoza tindikali yenyewe. Chuma pia kinaweza kutoka ardhini bila mgodi wowote. Lakini rangi hiyo kuja kila mwaka mvua zikianza, kutokea chini ya lundo, inanifanya nilishuku lundo kwanza.

Kipo kipimo cha kuanzia kisichohitaji maabara. Mwalimu wa kemia wa sekondari ya kata huwa na karatasi za kupima pH, yaani kipimo cha tindikali: namba ikishuka, tindikali imezidi. Mwombe. Maji ya kawaida yako karibu na 7. Yakiwa chini ya 5, jambo ni zito na halisubiri. Yakiwa 7 usishangilie bado: arseniki hukaa vizuri kabisa kwenye maji yasiyo na tindikali, na zebaki haionekani kwa karatasi hiyo.

Zebaki ina hadithi yake tofauti. Hii haikutoka kwenye mwamba, waliileta wachimbaji. Wanaichanganya na mchanga uliosagwa, inakamata dhahabu, kisha donge linachomwa ili zebaki ipae na dhahabu ibaki. Sehemu huenda hewani na kuingia mapafuni mwa mchomaji na familia yake, sehemu hubaki kwenye marudio. Ndani ya maji yanayotiririka utaikuta kidogo tu, kwa sababu ni nzito na hushikamana na tope. Ndiyo maana mtu anaweza kupima maji, akaambiwa hamna zebaki, akarudi nyumbani ametulia, kumbe imelala kwenye mashapo ya bwawa lililo chini zaidi. Humo kwenye tope lisilo na hewa, bakteria huigeuza kuwa zebaki ya aina nyingine inayoingia kwenye samaki, na samaki anayekula samaki wenzake huikusanya zaidi. Kwa kula samaki wenye zebaki ya aina hiyo, iliyomwagwa baharini na kiwanda, ndivyo watu wa Minamata, Japani, walivyoumia. Ugonjwa wao ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, na miongoni mwao walikuwamo watoto waliozaliwa na ulemavu ilhali mama zao hawakuonyesha dalili kubwa. Kwa mimba uliyo nayo, kambare wa bwawa linalopokea korongo hilo waache kwanza. Perege mdogo ana nafuu, lakini kama kuna dagaa au samaki wa kutoka mbali, chagua hao.

Niyaguse sasa yale mnayoambizana. Kuchemsha huua vijidudu, na kwa hilo ni jambo jema sana, lakini madini hayachemki yakaondoka. Mchuzi ukichemka ukapungua, chumvi inakolea, na haya ni hivyohivyo. Dawa ya klorini nayo ni ya vijidudu. Mbegu za mlonge hukamata tope na kulishusha chini, kwa hiyo hutoa sehemu ya madini yaliyoshikamana na tope, ila yaliyoyeyuka usizitegemee. Hatari yake ni kwamba zitakupa maji meupe, na tumeshaona weupe unavyodanganya. Maziwa hayafui sumu mwilini. Jirani yako asiache kuwapa watoto, kwa sababu mtoto mwenye kalisiamu na madini chuma ya kutosha hufyonza risasi kidogo kuliko mwenye upungufu, lakini asiyahesabu kuwa dawa.

Kuna jambo ambalo hukuliuliza na mimi linanitia wasiwasi kuliko hata maji, nalo ni vumbi la marudio. Mwaka 2010 huko Zamfara, kaskazini mwa Nigeria, zaidi ya watoto 400 walikufa kwa sumu ya risasi, na chanzo kikubwa kilikuwa vumbi la mawe ya dhahabu yaliyosagwa vijijini mwao, majumbani kabisa. Mawe ya kule yalikuwa na risasi nyingi mno, na sisemi yenu yako hivyo. Ila mtoto wa miaka miwili huweka kila kitu mdomoni, na mwili wake hufyonza risasi nyingi zaidi kuliko wako. Watoto wasicheze kwenye malundo. Asichukue mtu mchanga ule kupiga lipu wala kutengeneza tofali, jambo ambalo nimeliona sehemu nyingi kwa kuwa ni mchanga laini na wa bure. Madumu na mapipa yaliyobaki machimboni yasitumike kuwekea maji hata yakioshwa namna gani. Na yale maduara wazi myazungushie miiba au minyaa leo, kabla hayajammeza mtu.

Bustani yako usiing'oe. Nyanya huingiza madini kidogo kwenye tunda. Mchicha na mboga nyingine za majani ndizo zinazovuta kadimi, na vumbi hukaa juu ya majani. Hamishia mchicha upande wa juu wa machimbo, ambako maji ya lundo hayafiki, na uoshe mboga kwa maji safi.

Kwa maji ya kunywa, chanzo ninachokipendekeza kwanza ni paa lako. Bati la mita za mraba 40 hupokea lita 22,000 hata kwa mwaka wa milimita 550. Toa zinazopotea, bado unabaki na zaidi ya 15,000. Familia ya watu watano ikitumia lita 25 kwa siku kwa kunywa na kupika tu, kiangazi cha Mei hadi Novemba kinahitaji kama lita 5,300. Simtanki moja la lita 5,000 linakaribia kabisa kuwavusha. Gharama yake naijua, si ndogo, na ndiyo maana kaya mbili au tatu zikichangia, au kijiji kikiweka moja zahanati na moja shuleni, mambo husogea. Mvua mbili za mwanzo acheni zioshe paa kwanza, maana vumbi la lundo hufika hadi juu ya bati.

Mtaambiwa pia mchimbe kisima kirefu. Ni wazo zuri lenye mtego. Maji ya chini ya ardhi ya Dodoma na Singida sehemu nyingi yana chumvi, na sehemu nyingine floridi inayozidi miligramu 1.5 kwa lita, kiasi kinachoanza kuharibu meno ya watoto, na kikizidi sana, mifupa. Kisima kirefu kipimwe floridi na naitreti kabla ya kufungwa pampu. Wakati mnasubiri, kisima cha mchangani kichimbwe juu ya mahali maji ya lundo yanapoingia korongoni, hata kama ni mwendo zaidi. Mchanga huchuja tope, hauchuji kilichoyeyuka.

Sasa huyu mnunuzi. Anachokitaka kinaeleweka: njia ya zebaki huacha sehemu kubwa ya dhahabu kwenye marudio, na sianidi huitoa. Wala si lazima awe mtu mbaya. Kuliacha lundo lilipo nako kuna gharama, mnailipa kila mvua ya kwanza. Akilihamisha lote kwenda mahali palipoandaliwa, akalichenjua vizuri na kulifukia, mnaweza kubaki na korongo safi kuliko la sasa.

Tatizo ni pale anapotaka kuchenjua palepale. Sianidi haichagui dhahabu peke yake. Marudio yenye zebaki yakiwekewa sianidi, zebaki iliyokuwa imelala kwenye mchanga huyeyuka na kusafiri na maji, kwa hiyo mnachukua sumu iliyotulia mnaipa miguu. Na sianidi ikikutana na tindikali hutoa gesi inayoua. Ndiyo maana mchenjuaji anayejua kazi huweka chokaa kwanza mpaka pH ipite 10. Ukimuuliza swali hilo akakosa jibu, mmeshapata jibu lenu. Juani sianidi huvunjika kwa siku au wiki, lakini ng'ombe au ndege anayekunywa kwenye bwawa lake hafiki hizo siku.

Kwa hiyo msimkatae wala msimkubali kwa ajili ya choo. Mwambieni alete mbele ya mkutano mkuu wa kijiji leseni yake ya uchenjuaji kutoka Tume ya Madini na cheti cha tathmini ya athari kwa mazingira. Mabwawa yake yatandikwe plastiki nzito isiyovuja. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za namna hii ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na msikubali mtu awaambie korongo si mto kwa kuwa limekauka. La muhimu kuliko yote, aandike marudio yatakayobaki baada yake yatalala wapi, na nani atayafunika, kwa fedha ipi. Watu wengi huja kwa marudio ya mwanzo na kuacha marudio ya pili yaliyo mabaya zaidi.

Asipopatikana mtu wa kuliondoa, lizuieni lisitembee. Chimbeni mtaro upande wa juu wa lundo ili maji ya mlimani yalizunguke badala ya kulipita katikati. Wazee wa Kondoa watawafundisha makingamaji, yale matuta ya kukinga maji kwenye mteremko, waliyachimba tangu mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulipoanza mwaka 1973. Chini yake wekeni ukuta wa mawe wa kukamata mashapo, juu lifunikeni kwa udongo wa mfinyanzi, na kingo zipandwe vetiva, nyasi ya kushika udongo ambayo huvumilia ardhi mbaya ilimradi imwagiliwe mwaka wa kwanza. Hiyo ni kazi ya kuchelewesha sumu, haiitoi. Fanyeni mkiwa mmevaa viatu na kufunika pua, baada ya kunyunyiza maji kupunguza vumbi, na wewe mwenye mimba usiwemo.

Barua ipitie kwa mtendaji wa kijiji, nakala NEMC wanaosimamia mazingira, Tume ya Madini na bodi ya maji ya bonde lenu. Kama korongo linaelekea Bahi, mko Bonde la Kati, na hapo uzito ni zaidi kwa kuwa maji yakishaingia dimbwi la Bahi hayana pa kutokea, kila kilichomo kinabaki. Likielekea Kinyasungwe ni Wami/Ruvu, likishukia Mtera ni Rufiji. Aliyekuwa na leseni ana wajibu wa kuyafunga machimbo yake, lakini kumpata huchukua muda. Kanda hii imechimbwa siku nyingi, Sekenke kule Iramba tangu 1909, na Wajerumani waliifanya dhahabu yake kuwa sarafu za rupia 15 pale Tabora mwaka 1916. Malundo mengine yana umri mkubwa kuliko leseni yoyote. Dai lenu lisiwe tu kumtafuta mwenye lundo, liwe maji ya watoto kwanza, na hilo ni kazi ya RUWASA, wakala wa maji vijijini, wilayani.

Nenda kliniki kwa miguu yako, usingoje kuumwa. Mweleze daktari, kwa maneno hayohayo, kwamba mnaishi chini ya machimbo ya dhahabu na mmekuwa mkinywa maji ya korongo, kwa sababu dalili za risasi kwa mtoto hufanana na za mambo mengi: tumbo kuuma, kukosa choo, kupauka, kuchelewa kuongea. Kwa kawaida kipimo cha damu hakipatikani zahanati, muombe rufaa. Mtoto akipata degedege, akizubaa isivyo kawaida au akitapika mfululizo, ni hospitali usiku huohuo. Viganja kuwa vigumu na ngozi kuwa na madoa meusi na meupe kwa watu wazima ni dalili za arseniki ya miaka mingi. Ukijifungua, mnyonyeshe mwanao. Na wale wanaouza dawa za kusafisha sumu mwilini wapite njia yao: dawa za kutoa risasi zipo, zina madhara yake, na hutolewa hospitalini baada ya kupimwa damu.

Kuhusu vipimo, maabara ya ubora wa maji ya Wizara ya Maji ipo Dodoma mjini, na Mkemia Mkuu wa Serikali hupima madini yaliyo kidogo sana. Chukueni chupa kwao, kwa kuwa ya kupimia madini huwekewa tindikali kidogo ili yasigande njiani. Mchote sehemu tatu: korongoni upande wa juu wa lundo, upande wa chini yake, na kisimani, kisha tope kidogo la chini kwa ajili ya zebaki. Mchote sasa kiangazi, na tena siku ya mvua ya kwanza, msikose hiyo. Muombe pH, salfati, chuma, manganizi, shaba, arseniki, risasi, kadimi, zebaki, floridi na naitreti. Viwango vya Shirika la Afya Duniani kwa lita ni miligramu 0.01 kwa arseniki na pia kwa risasi, 0.003 kwa kadimi na 0.006 kwa zebaki. Majibu yakitoka nitumie karatasi nzima, pamoja na tarehe na mahali kila chupa ilipojazwa, nami nitakusomea mstari kwa mstari.